Balkoni si ya kuanika nguo peke yake

Kila Machi simu yangu inaanza kunishawishi kwamba theluji imeisha. Video baada ya video: dada wa London kwa balkoni yake, glavu safi, anakuonya usipande nyanya kabla baridi ya mwisho haijapita. Halafu anapanga vyungu sita, na kimoja kinaweza kulipa kodi ya bedsita Kayole. Sisi tunatazama, tunahifadhi video, tunafungua mlango wa balkoni yetu. Tunaona nini? Suruali nne, mtungi wa gesi ulioisha, kapu la viazi na baiskeli ya mtoto isiyo na tairi la nyuma.

Sina ubaya na dada wa London. Lakini kontenti yake haituhusu, na mbaya zaidi inatufanya tuamini kwamba kupanda vitu kwa balkoni ni hobi ya watu wenye vyungu vya bei. Mimi naona hivi: balkoni ya Eastlands ni shamba dogo ambalo tumenyimwa, na aliyetunyima si hali ya hewa.

Maanake hali ya hewa iko upande wetu kabisa. Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, juu mlimani karibu mita 1,700, hakuna baridi ya kuua mche. Hatuna majira ya machipuko, hiyo ilikuwa ya mtihani wa jografia. Tuna masika. Mvua inaingia kuanzia katikati ya Machi, inaenda nayo mpaka Mei, na kama kuna wakati wa kutia mbegu kwa mkebe ni sasa, kabla Juni haijafika na lile wingu la kijivu linalokaa juu ya mji mpaka Agosti.

Sasa ngoja niseme kitu ambacho video hizo zote zinakosea kwako. Kule kwao kaskazini, balkoni nzuri ni inayotazama kusini. Hapa hiyo sheria inakufa. Kuanzia katikati ya Machi hadi kama tarehe 26 Septemba, jua letu la saa sita linapita upande wa kaskazini. Kuanzia hapo linarudi kusini hadi Machi nyingine. Kwa hivyo balkoni inayotazama kaskazini ndiyo itaonja jua masika hii na kipindi chote cha baridi, na ya kusini itasubiri hadi Oktoba. Na hata hivyo, saa sita jua liko karibu utosini, na balkoni ya jirani wa juu inakufunika kama kofia. Kinachokuokoa ni mashariki au magharibi: jua la asubuhi au la jioni linaloingia likiwa chini.

Kaa Jumapili moja nyumbani uhesabu. Jua linaingia saa ngapi, linatoka saa ngapi. Ukipata masaa manne kwenda juu, panda sukuma, terere, managu, hata pilipili. Ukipata mawili au matatu, usijitese na nyanya. Weka dania, minti, vitunguu vya majani, spinachi kidogo. Ukipata sifuri, basi uko Pipeline.

Sio mzaha. Kuna ploti Pipeline na Tassia ambako unaweza kuomba chumvi kutoka kwa ploti jirani bila kutoka nje, unanyoosha mkono tu. Ghorofa saba, nane, ukuta kwa ukuta, na watu wa chini wanawasha taa saa nne asubuhi ndio waone sufuria. Mwaka 2011 Marie Huchzermeyer, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alitoa kitabu kizima kulinganisha maploti yetu ya Nairobi na yale ya Berlin ya karne ya 19. Berlin walijenga hivyo hivyo, wakabanana, landilodi akatajirika. Sisi ndio tuko hiyo sura sasa hivi. Mtu akikwambia kijana wa Pipeline hapandi mboga kwa sababu ni mvivu, muulize kwanza jua lake linaingilia wapi.

Na haikuwa lazima iwe hivi. Tembea Kaloleni uone. Hizo nyumba ni za miaka ya 1940, za mkoloni, na mkoloni hakuwa anatupenda, lakini aliacha nafasi kati ya nyumba na nyumba. Miti mikubwa, watu wana mstari wa sukuma kando ya mlango mpaka leo. Jericho pia. Buruburu ilijengwa miaka ya 1970 na kila nyumba ikiwa na kauwanja kake. Siku hizi vingi vya hivyo viwanja vimekuwa maduka, kinyozi na vyumba vya kukodisha. Kila kizazi cha Eastlands kimepata udongo mdogo kuliko kile kilichotangulia. Shosho alikuwa na shamba, mamangu alikuwa na uwanja, mimi nina balkoni ya mita moja kwa tatu. Halafu hata hiyo, kuna mtu anaitaka.

Mtu mwenyewe ni keateka. Februari alibandika karatasi kwa ngazi ya ploti yetu: mimea yote itolewe kwa balkoni kufikia mwisho wa mwezi, inachafua ukuta. Nikamfuata.

"Keja ni yangu nalipa, mkubwa. Sukuma sita zimekukosea nini?"

"Kijana, hapa si shamba. Landilodi amesema."

"Na zile pikipiki kwa korido?"

"Hizo ni za watu wanaotafuta riziki."

"Na sukuma ni ya kuangaliwa?"

Akacheka, lakini karatasi ikabaki ukutani. Nimejua baadaye si yetu pekee. Watu wa Umoja wameniandikia, wa Donholm, wa Komarock, karibu maneno yale yale. Mwingine anaambiwa ni mbu. Mwingine anaambiwa ni sura ya ploti, ploti yenyewe imepakwa tangazo la simu kutoka juu hadi chini na ina madishi ya televisheni kumi na nne. Ukuta wa landilodi unaweza kubeba tangazo, hauwezi kubeba dania.

Nikubali kitu kimoja kwa upande wao, kwa sababu nachukia ubishi wa kujifanya mwenzako hana hoja hata moja. Jirani wa chini ana haki. Ukimwagilia maji asubuhi na yakashuka na matope hadi kwa shati lake jeupe la kazi, wewe ndiye mwenye makosa, hakuna cha haki za mkulima hapo. Weka beseni au kifuniko cha ndoo chini ya kila mkebe. Mwaga maji yanayokusanyika hapo kila siku mbili, kwa sababu hadithi ya mbu si ya uongo kabisa: mbu anahitaji maji yaliyotulia wiki moja hivi na anapata watoto. Na usiweke kitu chochote juu ya ukingo wa balkoni bila kukifunga kwa waya. Mkebe wa udongo ukianguka kutoka ghorofa ya tano sio mkebe tena.

Lakini hayo yote ni mambo ya kuelewana. Unaandika sheria: weka beseni, funga waya, usizidishe uzito. Huandiki toeni yote. Kukataza kila kitu ni uvivu wa mtu ambaye hataki kuongea na wapangaji.

Hii tabia haikuanza na keateka. Wazee wa mtaa watakwambia jinsi kanjo walivyokuwa wanakuja na panga kufyeka mahindi kando ya barabara na reli, sababu ikiwa ni mbu, au wezi wanajificha. Mji ulikuwa umeamua kwamba chakula kinatoka mashambani na mtu wa mji kazi yake ni kununua. Ilichukua muda mrefu mpaka 2015 ndipo Kaunti ya Nairobi ikapitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Miaka kumi na kitu imepita tangu hapo. Uliza darasani, uliza kwa basi ya 58, nani ameisikia. Mkataba wa nyumba ni kitu kingine, sawa, na huyo ndiye keateka anakuonyesha. Lakini ni vizuri ujue kwamba mji wenyewe, kwa karatasi, ulishaacha kukuona kama mhalifu.

Uzito nimeutaja kidogo, nirudi hapo, kwa sababu nimeona video za wenzetu wa hapa hapa Nairobi zikinipa wasiwasi. Kilimo cha gunia kilipata jina Kibera. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, shirika la Kifaransa la Solidarités liligawa miche, watu wakajaza magunia udongo, katikati wakaweka bomba la mawe ili maji yashuke vizuri, wakapanda juu na kwa mashimo ya ubavuni. Gunia moja linabeba mimea mingi ajabu. Ni wazo zuri sana, na lilifika Mathare pia. Lakini lile gunia lilikuwa limesimama chini, kwa ardhi. Gunia kubwa likijaa udongo uliolowa linapita kilo 100 bila shida. Ukiweka matatu kwa balkoni ya ghorofa ya sita, ni kama watu wanne au watano wanene wamesimama hapo usiku na mchana, hawaondoki.

Na unajua maghorofa yetu. Tarehe 29 Aprili 2016, katikati ya masika kama hii, jengo liliporomoka Huruma na kuua watu zaidi ya 45. Halikuangushwa na sukuma. Lakini mtu yeyote wa Eastlands anayekaa juu anajua kwamba hatujui nani alichora jengo letu, nani alilikagua, na simiti ilikuwa na mchanga kiasi gani. Kwa hivyo mimi sitakwambia weka gunia. Tumia mikebe ya rangi ya lita nne, na mitungi ya mafuta ya kupika ya lita 20 iliyokatwa nusu. Toboa mashimo chini. Panga karibu na ukuta wa nyumba, sio pembeni kule nje, kwa sababu balkoni nyingi zimeshikiliwa upande mmoja tu. Na changanya udongo na samadi iliyooza vizuri na maganda ya mchele au ya kahawa ukipata, inapunguza uzito na mizizi inapumua.

Udongo wa wapi? Hapa sitaki mchezo. Udongo wetu mwingi wa huku ni ule mweusi wa mfinyanzi, mvua ikinyesha unakuwa gundi, jua likiwaka unapasuka mpaka unaingiza vidole. Kwa hivyo watu wanatafuta ule unaoonekana laini, na mara nyingi ule laini uko karibu na jaa au nyuma ya gereji. Usichukue. Jaa la Dandora lilifunguliwa 1975, likatangazwa kujaa 2001, na bado magari yanamwaga. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo ofisi yake kuu iko hapa hapa Gigiri, lilitoa ripoti: watoto 328 wa karibu na jaa walipimwa, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwa damu kwa kiwango kilichozidi au kufikia kile kilichokubalika wakati huo. Risasi haionekani, haina harufu, na udongo ukibebwa kwa gunia inakuja nao. Nunua kwa wauza miche wa kando ya barabara, muulize ameutoa wapi, na ukiwa na mtu wa kukuletea kutoka mashambani, heri zaidi.

Hapo ndipo tunafika kwa kitu kinachoniuma kweli. Si bei ya sukuma. Ni sukuma yenyewe. Upande wa Maili Saba, kule Dandora, watafiti walishaandika miaka ya mwanzo ya 2000 kuhusu wakulima wanaoziba bomba la maji taka ili yafurike mashambani. Hata leo ukipita kando ya Mto Nairobi unaona vitalu vya kijani kabisa, vinapendeza, na maji yanayovinywesha ni meusi kama chai ya rungi. Siwalaumu hao wakulima hata kidogo. Maji ni hayo, watoto wanataka karo. Mama mboga naye ananunua sokoni alfajiri kama wewe, hana mashine ya kupima. Lakini mwisho wa hiyo safari ni sahani yangu na yako, na hatuna njia ya kujua fungu hili limetoka Kinangop au limetoka kwa mtaro.

Nikichuma terere kwa balkoni najua maji niliyoinyeshea. Ni yale ya kuosha mchele, na ya mvua niliyokinga kwa ndoo. Hiyo pekee inanitosha kuendelea.

Na sitakudanganya kuhusu pesa, kwa sababu kontenti nyingi za kilimo cha mjini zinadanganya. Hesabu yangu ni hii. Mitungi mitano iliyokatwa, sukuma kumi. Kila mmoja ukiwa na afya unatoa majani mawili au matatu kwa wiki. Hiyo ni kama majani 25, mlo mmoja wa familia ya watu wanne, labda umeokoa shilingi 30 au 40. Udongo, samadi, miche na beseni ukiweka pamoja umetumia zaidi ya 1,000. Fanya hesabu mwenyewe utarudisha lini. Mtu akikwambia balkoni itakulisha, anakuuzia kitu, angalia chini ya video kama kuna namba ya kuagiza mbegu.

Mahali balkoni inalipa ni kwa vile vitu vidogo. Dania. Unanunua ya 10, unatumia nusu, nusu inaoza kwa sababu huna friji. Kwa mkebe unakata vijiti vitano unaacha vingine. Na mbegu si lazima ununue pakiti: zile dania nzima za kupikia, za duka la viungo, ponda kidogo kila mbegu igawanyike mbili, zika, ngoja siku kumi hivi. Vitunguu vya majani, kata juu, acha mzizi, vinarudi. Minti inaota hata ukiitukana. Iweke peke yake kwa mkebe, ikichanganywa na wengine inawafukuza kama mjomba aliyekuja kukaa wiki moja. Rosemari inapenda jua na inachukia maji mengi. Terere unaanza kuchuma baada ya wiki nne, managu wiki tano sita hivi. Hiyo ndiyo masika yenyewe: ukitia mbegu wiki hii, unakula kabla ya mwisho wa Aprili.

Lakini kuna watu nisingependa wachukue maneno haya. Tunawajua. Wanasiasa wanaosimama kwa jukwaa kuambia vijana walime, waache kulalamika. Mwaka 2024 vijana walisimama barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, na mjadala ulikuwa mkate, mafuta, bei ya kila kitu. Jibu la hapo haliwezi kuwa panda sukuma kwa balkoni. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora. Hiyo ni deni la serikali, halilipwi na mikebe yangu ya rangi. Mimi napanda kwa sababu nataka, na naidai serikali kwa sababu inadaiwa. Vitu viwili tofauti.

Tena tukiongea madeni. Kila mwenye payslipu anakatwa asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, tangu sheria ya 2024. Nyingi za hizo nyumba zinajengwa huku kwetu au karibu: Mukuru watu walishapewa funguo 2025. Swali langu ni dogo sana na sijasikia mtu akiliuliza. Kama tunajengewa kwa pesa zetu, mbona balkoni ichorwe kama kabati ya nguo mbichi? Weka shimo la maji kwenye sakafu ya balkoni, ili tone lisimfikie jirani. Weka gata na tangi la kukinga mvua, kwa mji ambao maji yanakuja kwa ratiba na siku nyingine hayaji, na mtungi wa lita 20 unabebwa hadi ghorofa ya nne kwa mkono. Weka ndoano za chuma zilizoshindiliwa ukutani. Na fungueni paa! Kila ploti ya Eastlands ina paa lenye jua siku nzima, lina matangi na kamba za nguo, na kufuli moja ambalo ufunguo unakaa kwa keateka. Sababu ni nguo zinaibiwa. Basi wapangaji watatu wapewe funguo kwa zamu, wajulikane. Paa limetengenezwa na injinia kubeba tangi la maji la tani kadhaa, sehemu ile ile iliyoimarishwa inaweza kubeba mikebe. Hizi si pesa nyingi zikiwekwa kwa mchoro mapema. Zikiwekwa baadaye ndio inakuwa hadithi.

Kuhusu maua, najua mtu atasema maua hayaliwi. Kwanza, yanawaita nyuki, na pilipili yako ghorofa ya nne inahitaji wageni. Lakini hata bila hiyo. Uwanja wa ndege wa JKIA uko Embakasi. Ndege zinazobeba waridi za Naivasha kwenda Uholanzi zinanguruma juu ya mabati yetu usiku, tunazisikia tukiwa kitandani. Watu wa Ulaya wanapata maua yetu kwa meza zao siku mbili baadaye, na mtoto wa Tassia hajawahi kuona waridi likiwa bado limeshikana na shina. Kuna mama wa kizazi cha mamangu pale Umoja ana mikebe ya Kimbo ya zamani kwa dirisha, jeraniamu nyekundu, ana miaka nayo. Hakuna siku amepiga picha. Mimi huyo ndiye influensa wangu.

Upande wa mbegu kuna habari nzuri, na imepita kimya kuliko ilivyostahili. Kwa miaka sheria yetu ya mbegu ilikuwa inaweza kukupeleka jela hadi miaka miwili, au faini ya hadi shilingi milioni moja, kwa kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa. Yaani shosho akimpa jirani mbegu za saga kwa karatasi ya gazeti, kwa kitabu ni kosa. Wakulima kumi na watano walienda kortini 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Mbegu za managu, saga, kunde na mrenda zimeishi mkono kwa mkono tangu zamani. Nyingi huwezi hata kuzipata kwa agroveti yenye taa nzuri. Zinakaa kwa chupa ya soda jikoni kwa mtu.

Kuhusu karatasi ya keateka: wapangaji tisa wa ploti yetu tumeandika yetu na kuibandika kando ya yake. Beseni chini ya kila mkebe, waya kwa kila kitu kilicho pembeni, hakuna gunia, hakuna kumwagilia kabla ya saa mbili asubuhi wakati watu wanatoka kazini na wengine wanaenda. Tumeacha nafasi ya landilodi kuweka sahihi. Mwezi umeisha, hajaweka, lakini pia hakuna aliyekuja kubeba mkebe. Ukitaka nakala nitaibandika hapa ubadilishe jina la ploti.

Na niko na managu za kutosha, kavu, za mwaka jana. Natafuta saga, ile chungu kabisa. Kama uko upande wa Tena, Umoja au Donholm, niandikie tubadilishane kabla mvua haijazidi.